Mwaka Magunia Yalipopata Joto

Mama Ashura alizikwa Ipagala, hapa Dodoma, siku ya Jumatano baada ya adhuhuri, na mimi nilichelewa. Nilipofika, wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza kuelekea makaburini. Wanawake tulibaki ndani, tumekaa kwenye mikeka na miguu imenyooshwa, kila mmoja akisubiri kwa namna yake. Jirani aliyekuwa pembeni yangu, mwanamke mwenye sauti ya upole, akaniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Nikasema tulifanya kazi pamoja zamani. Akauliza kazi gani. Nikasema, "Karanga." Akatikisa kichwa kana kwamba ameelewa, akarudi kwenye tasbihi yake. Mimi nilibaki na neno lile, na mwaka mzima ukaja ukakaa nami pale mkekani, mwaka ambao sijawahi kuusimulia mwanzo hadi mwisho kwa mtu yeyote. Hata mume wangu anaujua vipande vipande tu, kwa sababu kila nikianza, nafika mahali fulani nageuza habari.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo, uhandisi wa viwanda, na watu wa mtaani kwetu walinitania kwamba nimesomea kitu ambacho Dodoma hakipo. Dokta Sengo, aliyekuwa mwalimu wangu, ndiye aliyenichukua niwe msaidizi katika utafiti wake. Alitaka kujua kwa nini wasindikaji wadogo wa vyakula, wale wa unga wa lishe na siagi ya karanga na mafuta ya alizeti, wanafunga kazi mapema wakati wateja wapo. Aliamini jibu halimo karakanani, limo njiani. "Usikodolee mashine," aliniambia. "Fuata gunia, tangu shambani mpaka mdomoni mwa mtoto. Kila linaposimama, simama nalo, uliza linasubiri nini. Mzigo hauharibiki ukiwa unatembea, Sechelela. Unaharibika ukisimama." Niliipenda sana sentensi ile. Leo nina wanafunzi wangu mwenyewe na bado nawaambia maneno hayo hayo, ila wao huandika haraka na kufungua ukurasa mwingine, na mimi hubaki nimesimama mbele yao nikisikia harufu ya chumba fulani cha Busi.

Gunia tulilolifuata liliishia kwa Mama Ashura. Alikuwa na vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, kimoja cha kukaangia na kingine cha kusagia, na sakafu yake ilikuwa safi kuliko meza za watu wengi. Alitengeneza unga wa lishe wa mahindi, mtama, soya na karanga. Akinamama walimwachisha mtoto ziwa kwa unga ule, na vituo kadhaa vya kulelea watoto vilimtegemea kwa uji wa asubuhi. Alipika kijungu kidogo cha uji kutoka kila mfuko aliosaga, akanywa yeye kwanza, huku amesimama mlangoni akiangalia barabara. "Watu wa Dodoma wanazaa kila siku, Seche," aliniambia juma la kwanza. "Soko ninalo. Ninachokosa ni karanga za kunifikia kwa wakati. Leo zinakuja nyingi, mwezi ujao nakaa na mashine inanitazama." Karanga zake zilitoka Busi, kijiji cha Kondoa, kwenye kikundi cha wanawake kilichoongozwa na Bi Mwajuma. Basi Dokta Sengo akanituma Busi nikakae msimu mzima wa mavuno, niishi pale magunia yanapoanzia.

Bi Mwajuma alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye mwendo wa mtu asiyependa kuulizwa anakwenda wapi. Alinipokea kama mtoto aliyerudi kutoka shule. Aliishi na mjukuu wake Zuhura, ambaye mama yake alikuwa akifanya kazi Babati, mtoto wa umri ule wa kuuliza kila kitu na kutosubiri jibu. Nyumba haikuwa na nafasi, kwa hiyo nilitandikiwa kitanda katika chumba cha magunia. Kichwani karanga, miguuni mahindi, na dirisha dogo la ukubwa wa sahani. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda, au mchicha uliotiwa karanga za kutwanga mpaka ukawa mzito kama tope zuri la mto. Zuhura alipenda uji wa karanga kuliko chakula chochote. Bibi yake alimpikia asubuhi na jioni, akampulizia mwenyewe kijiko kwa kijiko. "Huyu alizaliwa mdogo kama njiwa," aliniambia. "Karanga ndizo zilizomjaza." Na kweli alikuwa amejaa, mashavu yanameta.

Mwaka ule mvua haikuondoka ilipopaswa kuondoka. Karanga zilikuwa zimeshang'olewa, zimelazwa shambani zikauke na jua, na badala ya jua yakaja manyunyu ya asubuhi, kisha mvua ya mchana, kisha ukungu uliokaa mabondeni mpaka saa za kula. "Mvua hii haina adabu," alisema Bi Mwajuma, akitazama vilima. Wanawake wa kikundi walizigeuza, wakazifunika, wakazifunua, mwishoni wakaziingiza ndani zikiwa bado na unyevu. Kazi ya kubangua ilifanyika kwenye kibaraza chake. Wanawake walikaa kwa duara kuzunguka lundo, na katikati palikuwa na ndoo ya maji yenye kifagio cha majani. Kila lundo lilipoanza kuwa gumu, mmoja alichovya kifagio akakung'uta matone juu ya maganda, polepole, kama mtu anayewanyunyizia wageni marashi. Maganda yalilainika, vidole vikapumzika, mazungumzo yakaendelea. Nilijaribu kubangua makavu, kabla ya mchana ncha za vidole vyangu zilikuwa zimechubuka. Bi Mwajuma akavishika, akacheka kidogo. "Ukibangua kavu, mwanangu, jioni hutashika mwiko. Tia maji." Nikatia maji. Tulibangua hivyo siku nyingi, wakizungumza Kirangi na kunigeuzia Kiswahili pale kichekesho kilipokuwa kizuri mno kuniacha nje. Karanga nzima nzima zilitiwa kwenye magunia ya Mama Ashura. Za wastani zilibaki za kula nyumbani. Zilizokunjamana walitupiwa kuku.

Asubuhi za Busi ni za baridi, na nilipoamka nilizoea kujisogeza ukutani, kwenye magunia, niegemeze mgongo. Yalikuwa na uvuguvugu mzuri, kama mtu aliyelala karibu nawe. Nilifurahia jambo lile siku kadhaa kabla sijamtajia Dokta Sengo kwenye simu, tena nilimtajia kama mzaha, kwamba huku Busi hata magunia yanakukaribisha. Hakucheka. "Gunia halina sababu ya kuwa na joto," alisema. "Likiwa na joto, kuna kitu kinaishi ndani yake. Chukua sampuli kwenye kila gunia unaloweza kulifikia, la Bi Mwajuma na la majirani. Mpe dereva wa basi alete huku, mimi nitazipeleka maabara. Na usilale tena chumba hicho." Sikuwa na chumba kingine. Nilisogeza kitanda katikati, nikalala kama niko kisiwani, na nikaamka nikiwa nimegeukia upande wa magunia.

Kuchukua sampuli nilitumia bambo, kile chuma chenye tundu ambacho wanunuzi wa nafaka huchoma nacho gunia ili kuona kilichomo ndani. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Watu waliniruhusu kwa heshima ya Bi Mwajuma, lakini walinisindikiza kwa macho. Ndipo kuku wakaanza kufa. Kwanza wa nyumba moja, kila mtu akasema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku wa kila mwaka, kisha wa nyumba nyingine, wakiwa wameanguka karibu na maganda, mabawa wazi. Mbwa mmoja aliyezoea kula mabaki ya pumba akajikongoja mpaka nyuma ya choo, akalala pale asiamke. Halafu wakaja watoto. Mtoto wa mtaa wa juu aliacha kula, tumbo likajaa. Mwingine akatapika mpaka hakuwa na la kutapika. Kwenye kibaraza hadithi zilikoma. Tulibangua kimya, ikasikika sauti ya maganda tu, na ya maji yakikung'utwa.

Siku moja nilikuwa naoga nyuma ya ua wa mabua, nikasikia wanawake wawili wamesimama njiani. Niliwatambua kwa sauti, wote walikuwa wabanguaji wenzangu. Mmoja alisema huenda ni maji ya kisima. Mwenzake akajibu, "Maji tunakunywa wote. Mbona wanaumwa watoto?" Yule wa kwanza akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi, "Tangu aje binti wa Mwajuma na chuma chake. Anachoma magunia ya watu, hasemi anatafuta nini." "Anatafuta," alisema mwenzake, "au anatia." Nilibaki na kopo mkononi, sabuni ikinikauka usoni, mpaka hatua zao zikaishia mbali. Kesho yake nilipofungua mlango, bambo langu, ambalo nilikuwa nimeliegemeza ukutani, lilikuwa limechomekwa wima ardhini mbele ya kizingiti, limepindwa kidogo kichwani. Bi Mwajuma alitoka nyuma yangu akaliona. Alilivuta kwa mikono miwili, akaliosha kwenye ndoo, akalifuta kwa upindo wa kanga yake na kunirudishia. "Kazi yako hujaimaliza," alisema. "Lakini leo usitoke peke yako. Nitakwenda nawe." Akatembea mbele yangu kijijini kote, akisalimia kila mlango kwa jina, na hakuna aliyethubutu kutoitika.

Jambo la Zuhura niliona mimi kwanza. Tulikuwa tumekaa juani mbele ya nyumba, namsuka nywele, naye ameegemea magoti yangu, hajauliza swali hata moja tangu asubuhi. Nikamwinua kidevu nimtazame. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano, manjano hafifu ya maji ya binzari. Nikamaliza msuko niliokuwa nao mkononi, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilijua nikisimama tu kitaanza kitu ambacho hakitasimama tena. Kisha nikamwita bibi yake. Bi Mwajuma alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaingia ndani, akatoka na mtandio na akiba yake ya safari. Tulimpeleka Kondoa hospitalini siku hiyo hiyo. Madaktari walikuwa wameshapokea watoto wengine kama yeye, na nilisikia muuguzi mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu naye katoka kulekule." Mama yake alifika kutoka Babati akiwa bado amevaa sare ya kazini. Zuhura alikaa siku chache, akiomba uji. Siku ya Alhamisi, jua likiwa limeanza kushuka, akaacha kuomba.

Majibu ya maabara yalinifikia katika nyumba ya msiba, kwa simu ya Dokta Sengo, nikiwa nimejitenga kwenye zizi tupu ili nisikike. Ilikuwa sumu ya ukungu, ule unaoota kwenye nafaka zenye unyevu, ambayo siku hizi watu wanaiita sumukuvu, na ilikuwa karibu katika kila gunia nililolichoma, hata ya mahindi. Aliniambia nisiseme kwamba karanga ndizo zilizomuua mtoto, hilo ni la madaktari, na maofisa wa afya walikuwa njiani. Mimi niwaambie watu mambo matatu tu: wasile, wasiuze, wasinyunyizie maji. Nikamuuliza, nitasemaje la maji bila kusema lile la mtoto? Akasema, "Sijui, mwanangu." Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

Nilisubiri wageni wapungue. Bi Mwajuma alikuwa amekaa kwenye kile kibaraza, peke yake, amejifunika kanga mpaka kichwani. Nikakaa chini karibu naye, nikamwambia yale matatu. Alisikiliza bila kunitazama.

"Maji yanafanyaje?" aliuliza.

"Yanalea ukungu, mama. Na ukungu ndio unaotoa sumu. Haionekani, haina ladha."

"Hata ukipika?"

"Hata ukipika."

Mbuzi walipita, wakaenda. "Maji hayo tumenyunyizia tangu enzi za mama yangu."

"Na mvua ya mwaka huu, mama. Na magunia kukaa sakafuni. Siyo jambo moja, ni mengi."

"Sikukuuliza ni mangapi. Nimekuuliza maji."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Na maji."

Hapo ndipo mahali ambapo nimekuwa nikigeuza habari miaka yote hii. Watu wakiuliza, nawaambia kuhusu mashine ndogo ya mkono ya kubangulia karanga kavu ambayo mimi na Dokta Sengo tuliibuni baadaye na fundi mmoja wa vyuma, na jinsi kikundi cha Busi kilivyokuwa cha kwanza kuitumia. Hiyo ni habari nzuri, na ni ya kweli. Lakini mashine ile ilianzia kwenye kimya cha mwanamke yule baada ya jibu langu. Sikumwona akilia. Aliinuka, akakaza kanga kiunoni, akaichukua ile ndoo, akaibeba mpaka barabarani na kuimwaga. Kisha akawaita wanawake. Walikuja wote, hata wale wawili wa njiani. Alizungumza nao Kirangi, muda mrefu, bila kupandisha sauti, na mimi sikuelewa maneno. Niliona tu kwamba alipofika mahali fulani aliiinua mikono yake miwili mbele yao, viganja wazi, akaishikilia hivyo, na kwamba wenzake, mmoja baada ya mwingine, walianza kutazama mikono yao wenyewe.

Nilirudi Dodoma kumwambia Mama Ashura. Alikuwa na shehena ya Busi karibu nusu ya chumba, na unga uliokwisha kusambazwa. Alinisikiliza huku akifunga mfuko, akaufunga mpaka mwisho. "Seche, ungekuwa na mtoto, ungempa?" Nikasema nisingempa. Siku ile ile alizunguka mwenyewe madukani na kwenye vituo vya watoto, akirudisha kila pakiti aliyoipata, akiwaambia watu wazi ni kwa nini. Zile ambazo zilikuwa zimeshaliwa hakuweza kuzirudisha, na majuma mengi baada ya hapo aliamka kila siku akasubiri mtu aje kumgongea mlango. Hakuna aliyekuja, na hata hivyo hakupata kusema kwamba amenusurika. Afisa wa afya alikataa shehena ichomwe karibu na makazi ya watu, ikaamuliwa ifukiwe. Tukachimbiwa shimo refu nje ya mji, penye vichaka, magunia na pakiti vikamwagiwa chokaa nyeupe na kufunikwa udongo. Mama Ashura alisimama pembeni mpaka koleo la mwisho, kama mtu anayemzika ndugu ambaye hakuelewana naye.

Mwaka ule ule mvua iliyotuzidi Kondoa ilikuwa imewanyima watu wengine upande wa kusini, na vyakula vilikuwa vimepanda bei mpaka watu wanajadili kibaba sokoni kama wanajadili shamba. Asubuhi iliyofuata Mama Ashura alinipigia simu akaniambia nimfuate kule shimoni, hakueleza. Nilimkuta amesimama peke yake. Shimo lilikuwa wazi. Udongo umetupwa pande zote, magunia hayapo, pakiti hazipo, imebaki chokaa iliyomwagika na nyuzi chache za katani. Kutoka ukingoni mpaka barabarani zilikwenda nyayo nyeupe, za viatu na za miguu mitupu, kubwa na ndogo, zikififia kadiri zilivyoikaribia lami. Tulizifuata mpaka zikaisha. Kisha tulikwenda sokoni, hatukusemezana kwamba tunakwenda huko. Kulikuwa na karanga kila mahali, kwenye ungo, kwenye madebe, kwenye karatasi za kukunja. Mama Ashura alichukua moja, akaigeuzageuza kidoleni, akairudisha. Zilikuwa nzuri kutazama. Muuzaji, msichana mchangamfu, akamwambia, "Karibu mama, onja." Tulipofika nyumbani alizima umeme wa mashine ukutani. "Sinunui tena karanga mwaka huu," alisema. "Nikinunua, sijui kama sinunui zile zile zangu." Na hakununua. Alikaanga maandazi ya kuuza mpaka mavuno mengine, na wateja wake wa unga wakahamia kwa watu ambao hawakuwa na shimo la kutazama.

Kabla ya maandazi hayo lakini, katika juma lile lile la shimo, aliniomba nimpeleke Busi. Alikuwa hajawahi kufika huko, wala hajawahi kuonana na Bi Mwajuma uso kwa uso. Miaka yote walijuana kwa simu na kwa magunia. Alikwenda kutoa pole. Nilihofia mkutano ule njia nzima, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haki ya kumtazama mwenzake kwa jicho baya. Bi Mwajuma alitupokea mlangoni. Walishikana mikono, wakasomeana dua, wakakaa mkeka mmoja. Chumba changu cha zamani kilikuwa wazi, kimefagiliwa, kitupu, na pale magunia yalipokuwa ukutani palibaki alama ya unyevu yenye umbo la migongo.

Ilipofika mchana mwenyeji alileta chakula, sahani moja kubwa ya ugali na bakuli la maharage. Tukanawa. Hakuna aliyetangulia kunyoosha mkono. Bi Mwajuma alitutazama, akaelewa tunachowaza, na labda alikuwa amekiwaza yeye tangu alipokuwa akisonga.

"Unga huu nimenunua Kondoa mjini," alisema. "Dukani. Kabla ya dukani ulitoka wapi, sijui."

Mama Ashura aliutazama ugali, mvuke ukipanda. Kisha akasema bismillahi, akamega tonge, akala. Bi Mwajuma akala. Na mimi nikala, nikitafuna polepole, nikitafuta ladha ambayo nilijua haipo.